Haulizwi Uji

Methali ya mgonjwa haulizwi uji hufundishwa shuleni kwa sentensi moja: mwenye shida ya wazi asiulizwe kama anataka msaada, apewe. Mwanafunzi anaandika hivyo, anapata alama zake, yameisha. Jibu hilo ni sahihi, lakini limeishia mlangoni. Methali haikuagiza mgonjwa apikiwe uji. Hilo imelichukulia kuwa linajulikana. Inachokataza ni swali, na sababu ya kulikataza haionekani mpaka mtu aishi na mgonjwa ndani ya nyumba.

Chukua nyumba yoyote hapa kwetu Shirimatunda, Moshi, yenye mama aliyelala kitandani wiki ya pili. Jirani anabisha hodi, anakaribishwa, anakaa kwenye ukingo wa kiti kama wageni wa mgonjwa wanavyokaa.

“Shikamoo mama. Unaendeleaje?”

“Marahaba mwanangu. Namshukuru Mungu.”

“Kuna chochote nikuletee?”

“Hapana mwanangu, usijisumbue.”

Mama huyo hakulala usiku. Tangu asubuhi ana chai ya rangi tu tumboni, maana binti anayemuuguza aliondoka alfajiri kuwahi foleni ya vipimo. Lakini mtu wa makamo, mke wa mtu, atamwambiaje mgeni, “Ndiyo, nina njaa, kaniletee uji”? Adabu aliyofundishwa tangu utotoni inamdai akatae. Muulizaji naye anaijua adabu hiyo, maana ni yake pia, na angeulizwa yeye angejibu hivyo hivyo. Kwa hiyo swali lile limeulizwa huku jibu likijulikana. Mgeni anaondoka moyo mweupe, amekwisha kutoa ofa. Mgonjwa anabaki na njaa yake, na juu ya njaa amelipishwa kazi ya kumfariji aliyekuja kumfariji.

Wahenga waliliona hilo. Wangeweza kuchagua nyama au asali, wakachagua uji, chakula ambacho hakuna nyumba inayoweza kudai haikimudu. Ni unga wa ulezi au wa mahindi, maji, chumvi au sukari, na mtu wa kukoroga usishike mabonge. Huku mlimani wengi wangetaja mtori wa ndizi na nyama, ule anaopikiwa mama aliyetoka kujifungua, na hakuna aliyewahi kusikia mzazi akiulizwa kama anauhitaji. Jambo likiwa dogo na la lazima namna hiyo, kuliulizia ni njia ya kulikwepa.

Hospitali kubwa kuliko zote huku kwetu imejengwa juu ya hadithi inayosema jambo hilo hilo. KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na hadi leo ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini, ilianzishwa na Shirika la Msamaria Mwema. Tunapita getini kila siku bila kulikumbuka jina hilo. Katika Injili ya Luka, Msamaria anamkuta mtu amepigwa na wanyang'anyi, amelala njiani nusu mfu. Hamuulizi kabila wala anakotoka, na hamuulizi kama anataka kusaidiwa. Anamfunga majeraha akiyatia mafuta na divai, anampandisha kwenye mnyama wake, anamfikisha nyumba ya wageni, anamuuguza usiku ule. Kesho yake anafanya jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: anamlipa mwenye nyumba dinari mbili na kuahidi kwamba gharama ikizidi, atailipa akirudi. Yaani alishughulikia bili. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye dirisha la malipo na karatasi mkononi, mgonjwa wake ameruhusiwa ila hatoki mpaka deni liishe, anajua kwamba hapo ndipo hadithi ile ina uzito. Mafuta na divai vilitosha usiku mmoja tu.

Upo ugonjwa unaoifanya methali hii iwe kweli neno kwa neno. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na KCMC ni miongoni mwa hospitali ambako imechunguzwa kwa muda mrefu. Umio ni ile njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Uvimbe unapokua, mgonjwa anashindwa kwanza nyama na ugali. Baadaye ndizi nazo zinakwama, kisha wali, mpaka siku inafika ambapo kinachopita ni uji peke yake, tena mwepesi. Kumuuliza mtu kama huyo “leo utakula nini?” ni kumkumbusha kila kitu alichonyang'anywa. Wanaomuuguza vizuri wanapika uji, wanautia maziwa na karanga zilizosagwa laini apate nguvu, na wanamwekea bila maneno. Wauache upoe kidogo pia: mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliviweka vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hiyo. Sisi tunaopenda chai ikiwa inachoma ulimi tumeambiwa.

Lakini katika nyumba yenye ugonjwa mzito, njaa si ya mgonjwa peke yake, wala si ya tumbo tu. Anayeuguza anakonda bila mtu kumwona, kwa sababu macho yote yako kitandani. Yeye ndiye anayeamka saa kumi usiku kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo, ndiye anayebeba hotpoti kwenye daladala kuwahi saa ya kuona wagonjwa, ndiye anayeambiwa na daktari habari ambazo hajui atazifikishaje nyumbani. Watu husema, “Utatuambia ukihitaji chochote.” Hatasema. Nimemwona mwenye duka mmoja wa mtaa, Mangi kama tunavyowaita, akimfungia mama wa namna hiyo kilo ya unga na sukari, na mama alipotaka ziandikwe kwenye daftari la madeni, Mangi akajifanya hajasikia, akamgeukia mteja mwingine. Sijui Mangi yule anasali wapi. Uji aliujua.

Na imani je? Zipo saa ambazo mtu hawezi kusali. Mwanaye yuko chumba cha upasuaji, au mumewe amepata kiharusi na hawezi kutamka hata jina lake. Anafungua mdomo kuanza Baba Yetu, anaikuta imemtoroka. Watu wa dini, hasa wale wenye bidii, humkabili mtu huyo kwa maswali: unaamini? umemkabidhi Mungu? umetubu yote? Ni lile lile swali la uji limevaa kanzu. Linamtaka aliyeishiwa athibitishe kwamba hajaishiwa.

Katika sura ya 2 ya Injili ya Marko wapo watu wanne waliombeba mwenzao aliyepooza, wakakuta nyumba imejaa hadi mlangoni, wakatoboa dari na kumteremsha pamoja na mkeka wake. Mwandishi anasema Yesu aliiona imani ya hao waliobeba. Mgonjwa mwenyewe hatamki neno hadithi nzima, tangu anaposhushwa hadi anapojitwika mkeka na kutoka. Nimesikia mahubiri mengi juu ya muujiza ule, machache sana juu ya ukimya wake. Kwangu mimi hapo ndipo penye faraja kubwa: alibebwa kwa imani ambayo huenda siku ile yeye hakuwa nayo, na hakuna aliyemhoji. Jumuiya ndogo ndogo inapohamishia sala zake za wiki kwenye nyumba yenye mgonjwa, na wenye nyumba wamekaa pembeni hawana sauti ya kuitikia, wenzao wanaitika kwa niaba yao. Waislamu wa mtaa nao wana hadithi mashuhuri katika Sahihi Muslim, ambayo Mwenyezi Mungu anamuuliza mja siku ya hukumu kwa nini hakuja kumtazama alipougua. Mja anastaajabu, anaambiwa kwamba fulani aliugua, na lau angekwenda kumtazama angemkuta Yeye pale. Ndiyo maana kwenye nyumba zetu utakuta rozari na dua zinapokezana sebuleni, na hakuna anayeona ajabu.

Mila nayo ilikuwa na lake. Mzee wa Kichaga akiugua sana, ndugu waliokosana hutafutana, na anayeomba msamaha huja na jani la isale mkononi. Akishalishika, aliyekosewa hatarajiwi kumhoji wala kumkatalia.

Methali hii ina hatari yake, na walimu wengi hawaitaji. Aliyezoea kutouliza kuhusu uji anaweza kusahau kuuliza kuhusu mengine yote. Ziko koo zinazoamua kila kitu juu ya kichwa cha mgonjwa: jina la ugonjwa anafichwa, kaka mkubwa anaamua atibiwe wapi, mjomba anaamua dozi ikatishwe. Mwaka 2011 kaskazini yote ilishuhudia. Mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliwanywesha watu dawa ya mizizi kijijini Samunge, Loliondo, kikombe kimoja shilingi 500. Magari yalitoka kila mkoa, foleni ikawa ya kilometa nyingi, na wapo waliofia njiani kabla ya kufika mbele. Wengi walikwenda kwa hiari yao na matumaini yao, na sitawacheka. Kwa aliyeambiwa hospitali kwamba hakuna zaidi, tumaini la shilingi 500 si kitu cha kuchekesha. Lakini wapo pia waliotolewa wodini wakiwa hoi na kupakiwa na ndugu waliosema, kwa nia njema kabisa, kwamba mgonjwa haulizwi. Anaulizwa! Haulizwi uji, kwa sababu uji haumdhuru, na asipoutaka ataacha bakuli. Kuhusu kisu, dawa, safari, na hata sala ya kuwekewa mikono na watu asiowajua, huyo ni mtu mzima, na mwili ni wake. Wodini kwenyewe kuna fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji. Wahenga hawakutuachia methali isemayo mgonjwa haulizwi kisu.

Hata uji wenyewe una mipaka. Mwenye kisukari ukimpelekea uji wa sukari vijiko vinne kwa sababu unampenda, umempelekea matatizo. Asiulizwe yeye, aulizwe anayemuuguza, jikoni, kwa sauti ya chini.

Kuna suala la fedha pia. Kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo taarifa ya ugonjwa huingia, na papo hapo wanajitokeza watu wa aina mbili. Wa kwanza huandika, “Poleni sana, jamani tunafanyaje?” Wa pili hatuma neno, anatuma muamala. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na siku bima hiyo itakapomfikia kila muuza ndizi wa soko la Mbuyuni, makundi hayo yatapumua. Mpaka hapo, wengi wetu bima yetu ni shangazi.

Jambo ambalo methali imelinyamazia kabisa ni muda. Uji wa siku tatu za mwanzo kila mtu anauleta, mpaka unachacha. Kiharusi, saratani na figo havimalizwi kwa siku tatu. Kufikia mwezi wa pili wageni wamepungua, ufikapo wa tano amebaki binti na mama yake. Kina mama wa jumuiya moja ninayoifahamu walilitatua kwa daftari la mistari. Waliandika zamu: nani anapika Jumanne, nani anakaa na mgonjwa Alhamisi ili binti alale mchana. Mmoja wao, mwenye genge la mboga ambaye hawezi kuacha biashara, alijiandikia nauli ya bajaji ya kumpeleka mgonjwa kwenye mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Waliokosa zamu walitozwa faini, kama ya kikoba. Padri alipendekeza waondoe faini, wakamkatalia.