Mfereji Mmoja, Mashamba Mengi

Wako adui wajao mchana mbele ya macho, na wako wafanyao kazi yao gizani chini ya udongo. Minyoo fundo ni wa namna ya pili. Ni wadogo hata jicho tupu haliwaoni; huingia mizizini, mizizi ikafanya vinundu, na mmea ukanyauka ilhali maji yapo. Mkulima aliyepatwa na msiba huu hana budi kujitetea. Swali ni hili: haki yake ya kujitetea yakoma wapi?

Tutazame Karatu. Misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1959, hupokea mvua na ukungu. Maji hupita chini ya ardhi, yakachomoza katika chemchemi za Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi. Huko mifereji hunywesha vitunguu, shamba baada ya shamba. Mfereji hauchagui mzigo: tope lenye minyoo hutoka kwa wa juu likafika kwa wa chini, na sumu yaweza kufuata njia ile ile.

Marekani iliwahi kupata funzo chungu. Katika jimbo la California dawa iitwayo DBCP ilitiwa udongoni, pengine ndani ya maji ya kumwagilia, ili kuua minyoo ya mizabibu na mipichi. Mwaka 1977 ilibainika kuwa baadhi ya wanaume walioitengeneza kiwandani walikuwa tasa. Mwaka 1979 ilionekana visimani, ikapigwa marufuku karibu nchi nzima. Mti uliponywa, kisima kikaugua.

Wako wasemao: "Shamba ni langu na hasara ni yangu." Hoja hii ina nguvu, maana njaa ya watoto haingoji hekima. Lakini shamba lina mpaka, maji hayana. Aliye juu hakuyaumba maji ayatumiayo. Ni amana mkononi mwake.

Walakini amana hii yawafunga wote. Kung'oa mizizi yenye vinundu, kutia samadi, kutumia miche safi na kulipumzisha shamba ni njia njema, ila pumziko hugharimu msimu. Si haki wa chini adai maji safi, kisha amwachie wa juu peke yake gharama ya usafi huo. Wanaokunywa pamoja na wachangie pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, sembuse minyoo walioenea mfereji mzima.