Swali Lililotoka Kashasha

Ukitaka kujua watu wa wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, wanahangaikia nini, kaa karibu na meza ya msaidizi wa kisheria siku anapopita vijijini, usikilize. Nimeketi kwenye benchi la namna hiyo hapa Ngenge. Wanaokuja huanzia mbali: salamu, hali ya watoto, mvua, mnyauko wa migomba. Kisha mtu anashusha sauti na kuuliza lile lililomleta. Mara nyingi ni kibanja, yaani shamba la migomba la familia. Mpaka wa kibanja, kibanja cha marehemu, kibanja alichouza kaka mtu bila kumwambia mama yake, kibanja ambacho shemeji anasema mjane hana haki ya kukikanyaga tena baada ya kuanua matanga.

Na katika hayo lipo moja linalorudi kuliko yote, linaulizwa na akina mama wa kila umri: "Waitu, mtoto wa kike akiachiwa shamba na baba yake, ni lake kweli? Anaweza hata kuliuza?"

Swali hili linaniuma kwa sababu lilikwisha kujibiwa, na aliyelibeba hadi likajibiwa ni mama mzee wa wilaya hii hii.

Jina lake limo katika vitabu vya sheria: Holaria Pastory. Alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomfika akaona hana uwezo wa kujitunza, na katika ukoo hakuna anayemtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Tarehe 25, yaani kesho yake, Bernardo Ephrahim, ambaye Holaria alikuwa shangazi yake, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha akitaka mauzo yatenguliwe, kwa hoja kwamba mila ya Kihaya haimpi mwanamke mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo.

Tarehe hizo mbili nimezifikiria sana. Mama anazeeka peke yake na ukoo hauonekani. Anauza shamba, na siku moja baadaye ukoo umekwisha kufika mahakamani.

Kashasha walimpa ushindi mpwa. Hawakukosea kusoma: kanuni za urithi zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, zinasema wazi katika kanuni ya 20 kwamba mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini asiiuze, labda ukoo uwe umeishiwa wanaume. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikaupindua uamuzi huo. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Hukumu ilitoka tarehe 22 Februari 1990. Jaji alisema Haki za Msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 zinakataza ubaguzi, na kwamba nchi yetu imeridhia mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, hivyo kanuni ya 20 isomwe upya: mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Mpwa kama analitaka shamba, alikomboe kwa kulipa bei iliyolipwa, kama ambavyo angefanya muuzaji angekuwa baba mkubwa au baba mdogo.

Naona busara kubwa katika sehemu hiyo ya mwisho. Jaji hakuuvunja ukoo. Aliuambia kwamba mapenzi ya ardhi ya mababu yana gharama, na gharama hiyo inalipwa kwa fedha, haiwezi kulipwa kwa kumnyamazisha bibi mzee.

Mwaka 1999 Bunge likaongeza nguvu. Sheria ya Ardhi inasema haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka huohuo, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu nafasi ya kumiliki ardhi. Basi jibu lipo. Kwa nini mama wa Ngenge bado analiuliza kwa kunong'ona?

Kwanza kwa sababu hukumu haikuzifuta zile kanuni za 1963 kwa jumla. Zile zinazompanga mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza, wavulana wengine la pili na mabinti la tatu ziliendelea kuwepo vitabuni. Wajane wawili wa Kitanzania waliotolewa katika nyumba walizoishi na waume zao kwa kanuni hizohizo walilazimika kwenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa, ambayo mwaka 2015 iliwaunga mkono. Pili, hukumu yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza. Mama aliyeshinda kesi huenda hakuweza kuisoma, wala majirani zake wengi. Hadi mwaka 2021 ndipo sheria ilipotamka Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama za ngazi zote. Tulikaa zaidi ya miaka 30 na jibu letu likiwa katika lugha ya watu wengine.

Nirudi kwenye benchi. Wakili mzuri, au msaidizi mzuri wa kisheria, akiulizwa swali, hujibu kwa swali. Nilipokuwa kijana nilidhani huo ni ujanja wa kutafuta ada. Sasa nauona ni uaminifu. Mtu anauliza, "Baba amefariki, nani anarithi?" Wakili anauliza: aliacha wosia? Aliishi maisha ya namna gani, ya dini au ya kimila? Maana Tanzania haina sheria moja ya mirathi. Kuna ya kimila, kuna ya Kiislamu, na kuna ile ya tangu enzi ya mkoloni iliyotoka India, ya mwaka 1865. Watoto wa baba mmoja wanaweza kupata mafungu tofauti kabisa kutegemea mahakama imeridhika kwamba marehemu aliishi vipi. Kwa hiyo anaposema "inategemea," hakukwepi. Kosa lake ni pale anapoishia hapo bila kukueleza inategemea nini, na wako wanaoishia hapo, wakakusindikiza na namba za vifungu.

Swali lake la pili huwa: karatasi iko wapi? Hapo ndipo mama anapofungua fundo la kanga. Nilimwona mmoja akitoa ukurasa uliochanwa katika daftari la shule, umekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Maandishi ya kalamu ya bluu: jina la muuzaji, bei, mipaka minne ikitajwa kwa majina ya majirani, ambao wawili kati yao walikwisha kufa. Chini, dole gumba la wino wa zambarau na muhuri wa kijiji uliofifia. Shahidi mmoja tu, naye ni kaka wa muuzaji. Msaidizi wa kisheria aliushika ule ukurasa kwa ncha za vidole, akausoma mara mbili, kisha akasema polepole: "Mama, hii ni mali. Itoe nakala leo, na hao majirani walio hai waandike majina yao wakiwa bado na kumbukumbu." Hakutaja kifungu chochote. Katika majibu yote niliyoyasikia siku ile, hilo ndilo lililokuwa na faida kubwa kuliko yote.

Kuhusu mirathi kuna jambo linaloharibu familia nyingi Kagera kuliko hata uchoyo. Watu wanaamini kwamba msimamizi wa mirathi ndiye mrithi. Kikao cha ukoo kinamteua kaka mkubwa, muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa, anapewa barua ya usimamizi, na kuanzia siku hiyo anatembea kijijini kama mwenye mali. Si mwenye mali. Ni mtumishi wa warithi. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni, kugawa, kisha kurudi mahakamani na hesabu, na kwa Mahakama ya Mwanzo muda huo ni miezi minne. Asiporudi, mrithi yeyote, hata binti mdogo kuliko wote, anaweza kuomba aitwe aeleze na hata aondolewe. Ninawajua watu waliosubiri mgao hadi wakazeeka, bila mtu kuwaambia kwamba mlango wa mahakama ile ulikuwa wazi muda wote.

Mkoa huu ulipaswa kulijua hili mapema kuliko mikoa mingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata iliacha wajane vijana na watoto wanaolea wadogo zao kwenye vibanja ambavyo baba wadogo walikuwa wakivitazama kwa jicho la pembeni. Mengi ya maswali yanayokuja mezani leo yalizaliwa miaka ile.

Wengine hawaji kuuliza habari za urithi. "Nimelima pale miaka 15, si limekuwa langu?" Wamesikia habari ya miaka 12, na ni kweli Sheria ya Ukomo inampa anayedai ardhi miaka 12 ya kufungua shauri. Ila wakili atakuuliza: uliingiaje? Kama mwenye shamba alikukaribisha, akakupa sehemu ulime kwa hisani, mahakama zetu zimeshikilia kwamba mwalikwa hageuki mwenyeji kwa kukaa muda mrefu. Nalipenda jibu hilo. Linalinda ukarimu wetu. Bila hilo nani angempa jirani kipande cha shamba apande maharage?

Akina mama walioishi na mwanamume bila kufunga ndoa nao wanakuja, mara nyingi wakiwa wamefukuzwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mkikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mume na mke, mahakama itawachukulia kuwa ni wanandoa hadi ithibitishwe vinginevyo. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kupika, kufua na kulea vinahesabiwa kuwa mchango katika mali iliyochumwa pamoja.

 

Na mgogoro wa ardhi upelekwe wapi? Wengi wanakwenda Baraza la Kata wakitarajia hukumu. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, na lina siku 30. Likishindwa, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayeshika karatasi ya kata akidhani ni hukumu anapoteza muda wake. Asiye na fedha za wakili akumbuke pia kwamba tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanatambuliwa nayo. Huduma yao ni bure.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna wakili anayeweza kulijibu, nalo ni letu sisi wenyewe. Ukoo unapodai shamba, nani aliuliza ukoo ulifanya nini? Mababu waliweka ardhi mikononi mwa ukoo ili asiwepo mjane, yatima wala mzee atakayelala njaa wakati migomba ya familia imesimama. Haki ya ukoo ilikuja pamoja na wajibu huo. Sisi tumeshika haki tukaacha wajibu, kisha tunasimama mbele ya hakimu na kuiita mila. Mzee anayemchotea shangazi yake maji, anayemlipia dawa, anayempelekea mkungu wa ndizi bila kuombwa, huyo nitamsikiliza akiniambia shamba lisitoke nje ya ukoo. Wa kesho yake asubuhi mahakamani, hapana.

Kwa hiyo nawaomba akina baba wa Ngenge, Kashasha, Nshamba, Kamachumu na kwingine kote, wekeni wosia mkiwa na nguvu zenu. Kuandika wosia hakumwiti mtu kaburini. Kwa wosia wa kimila ulioandikwa, anayejua kusoma anahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Na mke aliyepo nyumbani awepo pia. Mashahidi wengine wasiwe watu wanaotarajia kurithi. Taja mipaka. Taja binti zako kwa majina, na fungu la kila mmoja. Kisha mwambie kila mtoto karatasi imewekwa wapi, ukianza na wa kike.