Faida Itokayo Mfukoni mwa Jirani

Mtu akikuambia, «Nipe faranga elfu kumi, mwezi ujao nitakurudishia elfu ishirini,» umwulize kwanza neno moja: faida hiyo yatoka wapi? Mkulima hulima, mwenye duka huuza. Lakini huyu halimi wala hauzi.

Mwaka 1920, mjini Boston huko Marekani, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Wa kwanza walilipwa kweli, lakini kwa fedha za waliowafuata. Mwaka uleule mambo yake yakaanguka. Na katika nchi yetu, ilipoitwa Zaire, michezo ya namna hiyo ilianguka mjini Kinshasa mwaka 1991, na watu wengi wakapoteza akiba yao.

Wengine husema, «Mimi nililipwa, sikumwibia mtu.» Je, ni haki? Ajuaye kwamba malipo yake ni fedha ya jirani, naye akamwita jirani mwingine aingie, ameshiriki wizi. Amri ya saba yamhusu yeye pia. Asiyejua hana hatia hiyo. Lakini tamaa humfumba mtu macho, hata asipende kujua.

Basi, akikuharakisha, ngoja. Akikukataza kuwauliza wenzako, waulize. Namba ya siri ya fedha iliyo katika simu yako usimpe mtu, hata akijiita mtumishi wa kampuni. Wala usimwite ndugu yako kutoa fedha, nawe hujui inakokwenda.