Machozi ya Jukwaani ni ya Nani?

Mwaka 1931 Chuo Kikuu cha Northwestern, mjini Evanston, kaskazini ya Chicago, kilianzisha mafunzo ya likizo ya kiangazi kwa wanafunzi wa shule za sekondari. Fani mojawapo iliyopata sifa huko ni uigizaji. Vijana walitoka majimbo mbalimbali ya Marekani, wakakaa kando ya Ziwa Michigan kwa majuma kadhaa, wakishinda katika mazoezi ya sauti, ya viungo na ya tamthilia. Faida ya mafunzo ya namna hii haihitaji mtetezi. Lakini yanazusha swali zito: Je, mwalimu ana haki ya kumtaka kijana wa miaka 16 afukue msiba wake mwenyewe ili apate kulia vyema jukwaani?

Wahenga wa sanaa hiyo hawakukubaliana. Mfaransa Diderot, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1830, baada ya kufa kwake, alishikilia kwamba mwigizaji hodari huwaliza watu ilhali moyo wake umetulia. Mrusi Stanislavski alifundisha jinsi ya kuamsha kumbukumbu ya hisia, na huko Marekani Lee Strasberg akaikuza sana njia hiyo. Stella Adler, aliyekutana na Stanislavski mjini Paris mwaka 1934, alirudi kwao akisisitiza kwamba mwigizaji ategemee zaidi ubunifu wake na hali za mhusika.

Watetezi wa kumbukumbu watatuambia: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Asiyepata kufiwa ataliaje kilio cha mfiwa? Hoja hii ina uzito. Hata hivyo, kukilalia kitanda ni jambo moja, na kulazwa juu yake mbele ya watu ni jambo jingine. Kijana huyu yu mbali na wazazi, amechoka, wenzake wanamtazama, naye anatamani sifa ya mwalimu. “Ndiyo” yake si huru kamwe kama ya mtu mzima. Isitoshe, mafunzo yatakwisha. Aliyekifungua kidonda atabaki chuoni. Mwenye kidonda atarudi nacho nyumbani.

Tena, ikiwa kila mtu ataigiza maumivu yake tu, sanaa itakuwa imetupa thamani yake kubwa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti; lakini mwigizaji ni yule anayejitahidi kusogea hadi ukingoni, atazame ndani kwa ajili ya mwenziwe. Anajifunza kutoka katika nafsi yake, wala si kuzama humo.

Hapana budi kukiri kwamba wapo vijana wanaoleta huzuni yao bila kuombwa, wakapata faraja. Hao wapokewe kwa heshima. Kitolewacho kwa hiari ni zawadi. Kinachodaiwa hadharani ni kodi, na mwalimu hakupewa mamlaka ya kutoza kodi ya machozi.

Nasi tusomeshao tamthilia za Kiswahili tunahusika. Tunapompa mwanafunzi sehemu ya mama aliyefiwa, tumwulize kwanza: “Mama huyu amepoteza nini, naye anataka nini?” Swali la “Wewe je, umepata kufiwa?” tumwachie mwenyewe, alijibu akipenda, siku apendayo.