Kumkomboa Mtu kwa Fedha

Tarehe 27 Juni 2005, meli ya mizigo iitwayo Semlow ilitekwa na maharamia katika pwani ya Somalia. Ilikuwa imetoka Mombasa ikielekea Bosaso, nayo ilibeba tani 850 za mchele wa Shirika la Chakula Duniani, mchele uliokusudiwa Wasomali walioharibiwa makazi na mashua zao na tsunami ya Desemba 2004. Mabaharia walikuwa kumi: nahodha wa kutoka Sri Lanka, Wakenya wanane, na Mtanzania mmoja ambaye alikuwa injinia wa meli hiyo. Maharamia walidai dola laki tano. Watu wale kumi walikaa mateka kwa siku zipatazo mia moja, wakilinda magunia ya chakula kilichokuwa haki ya ndugu za hao hao waliowaelekezea bunduki.

Nimeanza na Semlow kwa sababu suala la kuwalipa maharamia huzungumzwa kana kwamba ni jambo la Wazungu na meli zao kubwa za mafuta. Sisi tunaokaa Singida, ambao maji makubwa tuyajuayo ni ya Singidani na Kindai, tulikuwa tukizisikia habari hizo redioni kisha tukaendelea kupepeta alizeti. Lakini mmoja kati ya wale kumi alikuwa Mtanzania mwenzetu. Tena swali lenyewe halihitaji bahari. Mtu ameshikwa, aliyemshika anataja bei, ndugu na mwajiri wake wanaweza kuipata bei hiyo, ama wakiumia ama bila kuumia. Je, ni haki kulipa?

Mwalimu mwenzangu, ambaye alifundisha Historia katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, ana jibu lake na hajalibadilisha kwa miaka mingi. Huwa anakuja kwangu jioni, na tukishamaliza habari za mvua na pensheni, hurudi hapo. Husema: “Mwalimu, anayelipa leo ananunua kamba ya kumfungia mtu wa kesho.” Na hesabu ziko upande wake. Benki ya Dunia, katika taarifa yake ya mwaka 2013, ilikadiria kuwa kati ya Aprili 2005 na Desemba 2012 maharamia wa Somalia walilipwa fidia ya kati ya dola milioni 339 na milioni 413. Katika kipindi hicho meli 179 zilitekwa. Kijana aliyepanda meli kwa ngazi, bunduki mgongoni, alipata kama dola 30,000 hadi 75,000 kwa meli moja, na fungu kubwa likaenda kwa matajiri waliokaa nchi kavu, waliogharamia mashua, mafuta na chakula. Hiyo ni biashara kama biashara nyingine yoyote, yenye mtaji, faida na mtaji tena. Ukiitia fedha, inakua.

Mwalimu huyo hunikumbusha pia wizi wa ng'ombe ulivyokuwa huku kwetu kabla ya sungusungu. Mtu alipoibiwa, aghalabu siku ya tatu alijiwa na mgeni mpole, mwenye maneno mazuri, akimwambia kuwa amesikia ng'ombe walipo, na kwamba wakitolewa wawili wanane watarudi. Wengi walikubali. Nao walioibiwa mwaka huo waliibiwa tena mwaka uliofuata, kwa kuwa sasa walijulikana kuwa ni watu wa kukubali.

Mfano huo naukubali, lakini nadhani unamgeukia mwenyewe. Ni nani aliyeupunguza wizi ule? Si wenye ng'ombe waliokataa kutoa wawili. Walikuwapo waliokataa, nao walikosa wote kumi, na mwizi hakujifunza lolote kutokana na ukaidi wao. Alikwenda boma la pili. Walioupunguza ni watu waliotoka usiku kwa filimbi, mishale na mikuki, wakafuata nyayo kijiji hadi kijiji, hata mwizi akakosa mahali pa kuficha mifugo. Na hapo tunazungumza habari za ng'ombe.

Hoja ya kwamba kukomboa kunalisha biashara ni ya zamani katika nchi hii kuliko maharamia wa Somalia. Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wakinunua watumwa, hasa watoto, katika soko la Unguja ili kuwaweka huru, wakawajengea kijiji na kuwafundisha kusoma, kulima na ufundi. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, kwa upande wao, walipokea watumwa ambao manowari za Waingereza ziliwakamata majahazini. Ukitazama kwa jicho la mwenzangu, mapadre walikosea: kila mtoto waliyemnunua alimwongezea mfanyabiashara riyali za kurudi bara kutafuta watoto wengine. Mtumwa akikombolewa sokoni, muuzaji haulizi mnunuzi ana nia gani.

Nimefika Bagamoyo, nikasimama kwenye makaburi ya misheni ile, na jambo moja lilinishinda kulifikiri. Nilijaribu kumwazia mtoto wa miaka minane, ameletwa kwa miguu kutoka bara, pengine kwa njia iliyopita karibu na nchi yetu hii, amesimama sokoni na padre yuko mbele yake na fedha mfukoni. Nilitafuta maneno ambayo padre angemwambia mtoto yule ili amweleze kwa nini hatamnunua. “Nikikununua, wataletwa wengine.” Ni kweli. Lakini mtoto angeweza kumjibu, kama angekuwa na lugha: “Na mimi je, si mmoja wa hao wengine?”

Soko lile lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba chini ya vitisho vya manowari za Kiingereza. Biashara haikufa siku hiyo. Iliendelea kwa siri, na utumwa wenyewe katika Tanganyika ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1922 tu. Lakini ilianza kufa kwa sababu soko lilifungwa na njia za bahari zikalindwa. Haikuanza kufa kwa sababu watu wema walimpita mtoto sokoni wakiwa na fedha mfukoni.

Ndivyo ilivyokuwa kwa maharamia pia. Mwaka 2011 mashambulizi ya maharamia wa Somalia yaliyoripotiwa yalifikia 237. Mwaka 2012 yalikuwa 75, na mwaka 2013 yakawa 15. Wenye meli hawakuwa wameacha kulipa. Mwaka huo wa 2011 walilipa sana. Kilichobadilika ni kwamba meli zilianza kuchukua walinzi wenye silaha, zikazungushiwa seng'enge, zikaongeza mwendo, zikatengewa chumba cha mabaharia kujifungia. Nazo manowari za mataifa mengi zikawa zinapiga doria. Huko ndiko kukataa kwenye maana: kumkatalia haramia kabla hajapanda ngazi. Akishapanda, anayekatazwa si yeye tena.

Hapa ndipo ninapotofautiana kabisa na mwenzangu. Asemaye “tusilipe” anatoa sadaka, lakini mwili unaotolewa si wake. Katika ualimu tulikuwa na maneno “zana ya kufundishia”: ubao, ramani, jiwe, mbegu ya hindi. Mtu hawi zana ya kufundishia. Kumwacha baharia afe ili maharamia wajifunze kwamba hakuna fedha ni kumfanya yeye kuwa chaki ya somo ambalo hata halina uhakika wa kueleweka.

Kuna meli iliyotuonyesha kutolipa kunafanana na nini. Iceberg 1 ilitekwa Machi 2010 karibu na Aden, ikiwa na watu 24 kutoka Yemen, India, Ghana, Sudan, Pakistan na Ufilipino. Mwenye meli aliwatelekeza. Mmoja wao alijitupa baharini akafa. Mwingine alitoweka mikononi mwa maharamia. Waliobaki 22 waliokolewa Desemba 2012 na askari wa baharini wa Puntland, baada ya siku zipatazo elfu moja. Mwenye meli yule hakukataa kulipa kwa ajili ya kulinda mabaharia wa baadaye. Aliona tu kwamba meli kuukuu na watu wa nchi maskini havina thamani ya bei iliyotajwa. Nahofia kwamba kanuni safi ya kutolipa, ikishushwa duniani, mara nyingi huvaliwa na watu wa namna hii, kwa kuwa inawakaa vizuri.

Kwa sababu hiyo naona kwamba wa kwanza kuulizwa si familia, wala si serikali, bali ni aliyemtuma. Baharia hakwenda Ghuba ya Aden kutalii. Alitumwa na mtu aliyejua hatari, aliyepima faida yake akaona inafaa kupita. Kwa mtu huyo fidia ni deni, kama vile dawa ya mfanyakazi aliyekatwa na mashine ilivyo deni. Dunia imekubali nusu ya jambo hili: Mkataba wa Kazi za Mabaharia ulirekebishwa mwaka 2018, na tangu Desemba 2020 unataka baharia aliyetekwa aendelee kupata mshahara wake mpaka arudi. Nusu ya pili bado, yaani ni nani alazimike kumtoa.

Serikali ni jambo jingine. Serikali ina askari, ina mahakama, na ikilipa haramia mmoja inawalipa wote watakaokuja, maana hazina yake haina mwisho machoni pa mwizi. Sishangai ikisema hailipi. Lakini kusema “mimi silipi” na kusema “wewe mama usilipe” ni mambo mawili. Italia, iliyosumbuliwa mno na utekaji wa matajiri na watoto wao, ilitunga sheria mwaka 1991 ya kuzuia mali za familia ya aliyetekwa ili isiweze kulipa. Utekaji ulipungua, na wapo wanaoisifu sheria hiyo. Wapo pia wasemao kuwa wahalifu walihamia kwenye dawa za kulevya. Lililo wazi ni kwamba mzazi anayejua fedha zake zitafungiwa atajitahidi polisi wasijue kabisa kwamba mwanawe ametekwa, na atakwenda kwa haramia peke yake usiku.

Wala kulipa si dawa ya uhakika. Mume na mke Waingereza, waliokuwa wakisafiri kwa mashua ya tanga kutoka Shelisheli kuja huku Tanzania, walitekwa Oktoba 2009. Serikali yao ilisema haitoi fidia. Ndugu walichanga na kulipa, mamia ya maelfu ya dola, na bado hawakuachiwa. Waliachiwa Novemba 2010, baada ya fedha nyingine kupatikana na baada ya Wasomali waliokaa Uingereza kuingilia kati. Muuzaji wa bidhaa hii hana mizani wala haya. Anayelipa ajue hivyo, asije akadhani amefunga mkataba.

Nitaje na la hapa kwetu. Alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 2018, Mohammed Dewji, mzaliwa wa Singida aliyekuwa mbunge wetu wa Singida Mjini tangu 2005 hadi 2015, alitekwa Dar es Salaam alipofika hotelini kufanya mazoezi. Aliachiwa tarehe 20. Katikati ya siku hizo familia ilitangaza zawadi ya shilingi bilioni moja kwa mwenye habari za kuwezesha apatikane. Zawadi ya habari na fidia ni vitu viwili tofauti. Lakini barazani na sokoni watu walijadili vyote viwili, kwa sauti ya chini, na sikumsikia hata mmoja akisema kwamba fidia ikidaiwa isitolewe. Hata mwenzangu wa Historia siku zile alikuwa akija, anakunywa chai, anauliza kama kuna lolote, anaondoka. Sikumkumbusha kanuni yake. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na wale mabaharia wa Ghana na Ufilipino hatukuwahi kuwapigia kura wala kuwaona wakipita na gari.

Bado lipo linalonikera, na sitalifunika. Mwezi Machi 2024 makomando wa India waliikomboa meli ya Ruen, wakawatoa mabaharia 17 wakiwa hai na kuwakamata maharamia 35. Mwezi huo huo ilitekwa meli ya Abdullah ya Bangladesh, na watu wake 23 waliachiwa Aprili. Iliripotiwa kuwa zililipwa dola zipatazo milioni 5. Ninafurahi kwa ajili ya wale 23. Lakini iwapo ndivyo, najua kwamba mahali fulani katika pwani ile fedha hizo zimekwisha kununua injini za mashua, na kwamba watu wa meli ijayo, ambao leo wanakula chakula chao salama bila kujua lolote, wamechangishwa pasipo kuulizwa. Nikiulizwa nitawaambia nini watu hao, jibu langu ni kwamba ninawadai wenye meli na serikali walinzi, doria na seng'enge kwa ajili yao. Najua ni jibu pungufu kwa mtu ambaye ulinzi haukumfikia.

Kijana mmoja wa jirani yetu, aliyemaliza mafunzo ya ubaharia Dar es Salaam, alipata kazi mwaka jana katika meli ya kampuni moja ya Ghuba. Alikuja kuniaga, nikamwomba anisomee mkataba wake, kwa kuwa macho yangu hayapendi maandishi madogo. Tulisoma mshahara, likizo, nauli ya kurudi, na bima ya ajali. Nikamwambia awaulize kwa maandishi, kabla hajapanda: mkitekwa, ni nani atakayezungumza na waliowateka, na ni nani atakayelipa? Alicheka kidogo, akasema, “Shikamoo babu, hayo maswali yatanikosesha kazi.” Hata hivyo aliyaandika nyuma ya bahasha. Wiki tatu baadaye alinipigia simu kutoka bandarini. Meli ina bima, alisema, na mzigo una bima, na kuhusu watu karani alimwambia arudi Jumatatu, lakini wanang'oa nanga Jumapili.