Kuiga ni Kudanganya? Fundisho la Piano Isiyo na Nyuzi

Mu masomo tunaazibu mwanafunzi mwenye anakopia kazi ya mwenzake. Lakini nyumbani tunasifu mutoto mwenye anaiga baba yake namna ya kushika jembe. Basi kuiga ni kosa, ao ni njia ya kujifunza?

Swali hili lilinirudilia siku moja juu ya kijana wa kwaya yetu. Miaka mingi alijifunza kwa kinanda chepesi cha plastiki. Alipopata bahati ya kugusa piano kubwa yenye nyuzi, vidole vilichoka mbele wimbo uishe. Akaniambia: «Mwalimu, hii kitu inakataa!» Nikamujibu: haikatae, inakuomba kazi.

Inaomba kazi namna gani? Piano ilivumbuliwa na Bartolomeo Cristofori kule Firenze, Italia, karibu mwaka 1700. Ukibonyeza kipande kimoja, chenye wanamuziki wanaita tushi, kinashuka karibu milimita 10 tu. Lakini nyuma yake kuna nyundo ya muti yenye kichwa cha manyoya yaliyoshindiliwa. Kidole hakisukume nyundo mpaka kwenye uzi. Mbele kidogo ya kufika, mashine inaiachilia, inaruka peke yake, inapiga, inarudi. Kama isingeachiliwa, ingegandamana na uzi na kunyamazisha sauti. Pale inapoachiliwa, kidole chenye kubonyeza polepole kinasikia kama kijiwe kidogo njiani. Mwaka 1821 iliandikishwa mashine ya Sébastien Érard yenye inaruhusu kurudilia sauti ileile haraka, bila kungoja tushi ipande yote.

Piano ya umeme haina nyuzi. Vitambuzi vinapima tushi imeshuka kwa mwendo gani, na kompyuta ndogo inatoa sauti kubwa ao ndogo kufuatana na ule mwendo. Kwa kazi hiyo, tushi nyepesi ingetosha. Lakini mafundi wanatia uzito ndani. Wanafanya upande wa sauti nene uwe muzito kupita upande wa sauti nyembamba, sawa mu piano ya kweli. Wengine wanaweka hata kipande cha mpira ili kidole kisikie kile kijiwe. Uzi wa kulinda hakuna tena! Kijiwe kimebaki, sababu yake imekufa. Mwaka 2009 kampuni ya Yamaha ilitoa piano yenye mashine nzima ya kweli, na nyundo zake, bila uzi hata mumoja.

Wamoja watasema: huo ni uongo. Mimi nawauliza: mutoto wetu mwenye kupokea kitu kwa mikono mbili, anajua sababu ya kwanza ya desturi ile? Hata sisi wazazi hatuijue. Lakini mikono mbili inamufundisha kutokunyanganya. Desturi yenye inaendelea kumutengeneza mutu ingali hai, hata kama chanzo chake kimesahauliwa. Vilevile ule uzito wa kuigwa: unafundisha vidole nguvu na upole, na siku kijana atakaa mbele ya piano ya nyuzi, hatakuwa mugeni. Uongo ungekuwa kumuuzia kitu chepesi na kumwambia «ni sawasawa».

Lakini kuna kuiga kwingine kwenye kunatugusa sisi Wakongomani. Zamani tushi nyeupe zilifunikwa na pembe za tembo. Mu karne ya 19, pembe nyingi zilitoka mu inchi zetu, Maniema ikiwa mumoja wapo, zikabebwa kwa mabega ya watu, wengi wao watumwa, mpaka pwani na Unguja. Wafanyabiashara wa Marekani walizinunua, na mu miji ya Ivoryton na Deep River, jimbo la Connecticut, zilipasuliwa kuwa vipande vyembamba vya piano. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya pembe za tembo wa Afrika kati ya inchi na inchi. Leo plastiki inaiga ule ugumu na ile mistari ya pembe, na inanyonya jasho la kidole.

Hapo kitu cha kuigwa kimepita kile cha kweli kwa haki. Tembo anabaki porini, na hakuna mutu wa kubebeshwa. Lakini kinaweza pia kutusahaulisha. Kidole kinafurahia ulaini, kichwa hakijue kama ulaini ule ulilipwa na mabega ya babu zetu.

Kwa maoni yangu, tusiulize tu: «Hii ni ya kweli ao ya kuigwa?» Tuulize maswali mawili: inaniomba kazi gani, na inanificha nini? Mwenye kuiga kazi anajifunza. Mwenye kuiga sura tu anajidanganya. Na sisi wenye kulinda desturi za wazee, tujipime kwanza: tumechunga uzito wao, ao tumechunga rangi tu?