Dhima ya Muuzaji wa Gari Lisilo na Kutu

Mtu wa Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, auzaye gari kuukuu la zama za Wabelgiji, ambalo bodi yake haina kutu ijapokuwa injini yake haijanguruma miaka mingi, husema kweli asemapo kuwa bati ni zima; maana maji ya ziwa hilo ni matamu, na upepo wake hauna ile chumvi ambayo huko Mombasa na Unguja hula chuma upesi. Lakini swali linaloilemea dhamiri ni hili: je, kweli iliyosemwa juu ya sehemu moja yaweza kuwa pazia la ila ya sehemu nyingine? Naona yaweza, na pazia hilo ni ovu kuliko uongo mtupu, kwa kuwa mdanganywa akirudi kushitaki haoni neno hata moja la kulikanusha.

Wanazuoni wa fikihi walihukumu kuwa ila aijuayo muuzaji ni wajibu wake kuibainisha, na kwamba mnunuzi akiigundua baadaye ana hiari ya kuirudisha mali na kupewa fedha zake. Imepokewa kwamba Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo mjini Kufa, mshirika wake alipouza nguo yenye kasoro pasipo kuieleza, na mnunuzi asijulikane alikokwenda, aliitoa sadaka thamani yote.

Wala sisemi kuwa chuma kilichosalimika hakina thamani. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg na kuletwa vipande vipande Kigoma, kwenye ziwa hilohilo, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, baada ya mafundi kuzipaka injini zake grisi nyingi kwa matumaini ya kurudi. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba. Grisi ile ilikuwa fadhila kubwa, lakini walioiopoa walijua kuwa mbele yao pana chombo kilichozama na kazi ya miaka.

Mnunuzi wa gari anastahili ujuzi huohuo. Uzima wa bati una bei yake ya halali, ila bei hiyo isitozwe kana kwamba ni bei ya safari, hasa katika mji ambao kipuri adimu huenda kikasubiriwa kutoka Lubumbashi au kuvushwa ziwa kutoka Kigoma. Na ikiwa muuzaji hajui hali ya giaboksi, maana gari limelala tangu alipolirithi, aseme waziwazi kuwa hajui, kisha ampe mwenziwe nafasi ya kuja na fundi wake kabla fedha hazijahesabiwa.